Kazi Niliyomfundisha Donati

Juma lililopita Riziki, binti wa dada yangu, alikuja kunisalimu hapa Kasongo, akakaa mkekani, akakataa chai. Katika ukoo wetu mtu akikataa chai, basi kuna msiba au kuna mapenzi. Nikamwuliza ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Proje inaisha, mujomba," akasema. "Tuko watu saba kwa biro, wanasema watabakiza wawili. Hatujue ni nani na nani."

Nikampa pole ya mradi wao kuisha. Ndipo akaongeza neno ambalo nadhani yeye mwenyewe hakuona uzito wake. Mwenzake wa ofisini amemwomba amwonyeshe namna ya kupanga ripoti kwenye kompyuta, naye hii ni wiki ya tatu anamwambia kesho, kesho. "Nikimuonyesha yote, watabakiza yeye. Mimi nitakwenda wapi?"

Sikumjibu siku ile. Nilijifanya namwangalia mbuzi wa jirani. Nimeamua kumjibu kwa maandishi, na kwa kuwa ninyi wengine nanyi mnaamka kila asubuhi mkiangalia simu kama mkataba umeongezwa, someni pamoja naye. Sitawaambia msiogope. Asiyeogopa kupoteza kazi ni yule asiye na kazi, au mtoto wa patro mwenye kampani. Nataka kuwaambia tu kile ambacho hofu ilinifanya mimi, na kile ambacho mimi nilimfanya mtu mwingine.

Naitwa Feruzi. Nilikuwa fundi wa motere za mazutu, yaani injini za dizeli, zaidi ya miaka thelathini, mpaka macho yalipokataa vitu vidogo. Sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza kwenye kampani moja ya dhahabu ambayo kambi yake ilikuwa porini, mwendo wa pikipiki kutoka Salamabila. Tulikuwa na mashine tatu za umeme. Zikizima, kila kitu kinazima: taa, pampu ya maji, friji ya wakubwa. Kwa hiyo fundi wa umeme aliheshimiwa. Mpishi alinichagulia nyama, na mlinzi wa langoni alinifungulia kabla sijafika. Heshima hiyo ilinidanganya. Nilidhani mtu wa namna yangu hawezi kuandikwa kwenye listi ya wanaofukuzwa.

Habari ya listi ilianzia jikoni, kama habari zote za kambini. Mpishi aliwasikia wakubwa wakizungumza mezani, akadaka neno "kupunguza". Hakujua kama wanapunguza watu au wanapunguza chumvi. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na ilipofika Ijumaa sote tulikuwa tumekwisha kufukuzwa kazi vichwani mwetu.

Mngewaona wanaume wazima. Dereva mmoja alikuwa na malaria ya kugonganisha meno, akakataa kulala, maana aliona kitanda cha dispensari ndicho kitakachomwandikisha. Karani wa depo, ghala letu la vifaa, alianza kuvaa tai katika joto lile. Msimamizi wetu, ambaye siku zote alisalimu kwa kidevu, asubuhi moja alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nami sikula kutwa nzima kwa kudhani ananiaga. Baadaye nikaambiwa mke wake amejifungua. Wengine walikwenda kwa waganga, wakarudi na vitu vimefungwa kiunoni. Siwacheki. Mimi pia nilijitafutia dawa, na yangu ilikuwa mbaya kuliko zao.

Niwarudishe nyuma kidogo, mpate kujua dawa hiyo niliichuma wapi. Ufundi niliujifunza hapa hapa Kasongo, kwa Mzee Saidi, aliyekuwa akitengeneza mashine za kukoboa mpunga. Miaka miwili niliosha vyuma tu. Nilinuka mazutu mpaka mchumba wangu wa kwanza akaolewa na muuza vitenge. Mzee Saidi alikuwa na desturi ambayo mafundi wengi wa huku kwetu tunayo: alionyesha kazi zote isipokuwa moja. Ikifika zamu ya kupanga pampu ya mazutu, alitugeuzia mgongo, akasema, "Nendeni mukanywe maji." Tulikunywa maji mengi sana miaka ile. Siku moja nilimwuliza kwa nini, akanijibu bila haya.

"Mutoto, nikikupatia yote, kesho nitakula nini?"

Sikumchukia. Tuliichungulia pampu ile kwa pembeni, tukaikosea, tukaharibu, mwisho tukaipata. Lakini shikeni tofauti hii, nimeifikiria muda mrefu. Mzee Saidi alificha. Hakumfundisha mtu uongo hata siku moja. Mtu aliyefichwa anajua kwamba kuna kitu hajui, kwa hiyo atakitafuta. Aliyedanganywa hatafuti kitu, kwa sababu anadhani anacho.

Donati waliniletea miezi michache kabla ya habari ya listi. Alikuwa Mubangubangu, kwao Wamaza, umri wake sawa na mdogo wangu anayenifuata, ana mke na watoto wanne. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza pikipiki. Msimamizi aliniambia, "Feruzi, mufundishe huyu. Siku ukienda konje, mashine zisibaki bila mutu." Konje ndiyo likizo yetu ya mwaka.

Mikono yake ilikuwa myepesi. Kitu ulichomwonyesha leo, kesho alikifanya mbele yako huku akiimba nyimbo zake za kanisani. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Mwezi wa Ramadhani alikwenda kula nyuma ya depo ili nisimwone. Akirudi kutoka kwao na unga wa muhogo, nusu ilikuwa yangu, wala hakusubiri nimwombe. Nilimpenda Donati. Nasema hivyo ili msije mkadhani kwamba nilimtendea adui.

Lakini listi ilipoanza kusemwa, nilianza kumwangalia kwa jicho jingine. Mafundi ni wawili, na yeye wanamlipa kidogo kuliko mimi. Akikamilika, mimi wa nini? Nilikuwa nikimsifu kwa mdomo na kumwogopa kwa ndani, na hofu ya namna hiyo haikuachi ulale.

Sasa lazima niwafundishe kidogo, la sivyo hamtaona ubaya wa nilichofanya. Juu ya kila silinda ya motere kuna supapu mbili, moja ya kuingiza hewa, nyingine ya kutoa moshi. Kila supapu inasukumwa na mkono mdogo wa chuma. Kati ya mkono na supapu lazima ubaki uwazi mwembamba kama ukucha, kwa sababu chuma kikipata moto kinarefuka. Uwazi huo tunaupima kwa kibati chembamba. Unangoja motere iwe baridi, unaingiza kibati, unakaza skrubu mpaka kibati kiteleze kwa shida kidogo, vidole vyako vikisikie. Ukikaza hadi kibati kisitoke, umepita kiasi. Motere itawaka vizuri, tena itatulia, mwenyewe utaifurahia. Ikishika moto, supapu inarefuka na haina tena nafasi ya kufunga. Nguvu inatoroka, na midomo ya supapu inaungua kidogo kidogo mpaka motere inakufa. Basi mkisikia supapu inagonga-gonga kidogo, iacheni, hiyo ni nzima. Iogopeni inayonyamaza.

Donati nilimfundisha kinyume. Nilimwambia, "Kaza mpaka kibati ikatae kutoka. Motere ikigonga, inakuomba ukaze." Maneno hayo niliyatunga mwenyewe, asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Yalikuwa maneno matamu, na Donati aliyaandika kwenye daftari lake la shule lenye jalada la buluu.

Mtauliza, mbona mashine hazikuharibika? Kwa sababu nilikuwa nikirudi nyuma yake. Kila alipomaliza kupanga supapu na kufunga kifuniko, nilimtuma depo akalete oili. Depo ilikuwa upande wa pili wa kambi, na yule karani wa tai alitaka sahihi tatu kwa kopo moja, kila sahihi na hadithi yake. Donati akiwa kule, mimi nafungua kifuniko, nalegeza alichokaza, nafunga. Akirudi tunawasha, mashine inafanya kazi kutwa. Anafurahi, anadhani ni kazi ya mikono yake. Nami nilifurahi pia, na hapo ndipo ninapojionea aibu kuliko pengine pote. Nilijiona mwerevu. Nilijisema kwamba sijamdhuru mtu, nimejiwekea akiba tu, na siku mambo yakitulia nitamsahihisha. Mambo hayakutulia.

Alikuja injenyeri mpya, mtu mpole mwenye miwani, asiyetujua. Alituita sote wawili, akasema kwamba fundi wa umeme atabaki mmoja, na kwa kuwa hataki kusikia maneno ya nani ni ndugu ya nani, atatupa teste. Kila mmoja atapanga mashine moja asubuhi ikiwa baridi, kisha zitabebeshwa kazi yote ya kambi mpaka saa sita mchana. Kati ya siku hiyo na siku ya teste zilipita siku mbili. Siku mbili ni nyingi. Ningeweza kumwambia wakati wowote, tukiwa tunakula, tukiwa tunaosha mikono. Mara moja nilifungua hata mdomo, nikamwuliza habari za watoto.

Asubuhi ya teste watu walikuja kutazama kama wanaokuja kwenye mpira. Tulipanga, tukafunga, tukawasha. Yangu iligonga-gonga kama mtu anayemenya karanga. Ya Donati ilitulia kabisa, na watu wakampigia makofi. Injenyeri mwenyewe alitikisa kichwa kwa kuridhika. Donati akanitazama akicheka, si kwa kunizomea. Alikuwa anafurahi kwamba fundi wake ataona amefundisha vizuri.

Saa nne taa za ofisi zikaanza kufifia. Sauti ya mashine yake ikawa nzito, moshi ukabadilika rangi. Saa tano ikazima. Akaiwasha, ikakataa. Akaiwasha tena, akajaribu na tena, jasho likimtoka mpaka kwenye viwiko, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa sababu haikuwa tena jambo la kutazama. Ndipo akanigeukia mbele ya injenyeri.

"Yaya, nilikosa wapi?"

Nikasema, "Labda mazutu iko na maji."

Injenyeri alijibu kwamba pipa ni moja, na mashine zote mbili zimekunywa humo. Donati aliambiwa arudishe ovaroli ofisini, na alipokuwa kule nilifungua ile mashine yake, nikaiacha ipoe, nikalegeza supapu, nikaiwasha. Watu wakasema, Feruzi ni Feruzi. Nilisimama pale nikapokea sifa.

Alikuja kuniaga kabla ya kupanda pikipiki ya kwenda kwao, mfuko wake begani, lile daftari likichungulia. Mimi ndiye niliyekuwa na uso wa kufiwa. Yeye ndiye aliyenituliza.

"Yaya, usihuzunike. Kazi ya kampani wameniondolea. Lakini yenye ulinifundisha iko kwa kichwa yangu, nani ataniondolea ile?"

Nikamwambia aende salama.

Ninyi mnaotaka kujua kama dawa yangu ilifanya kazi, nitawajibu. Juma lile nililala usingizi mzuri. Miezi mitano baadaye tulipewa karatasi wote, tangu karani wa depo hadi injenyeri mwenye miwani, za konje isiyokuwa na tarehe ya kurudi. Hatujarudi hadi leo. Waliofunga kampani walikuwa watu wa mbali, hawakunijua jina, hawakujua supapu ni kitu gani. Siri niliyoilinda kwa kumzamisha rafiki yangu haikuwa na uzito wowote mezani kwao. Nilitoka langoni na mfuko wangu kama Donati alivyotoka, ila yeye hakuwa na kitu cha kuficha.

Hapa Kasongo nilikaa bila kazi kipindi kirefu. Nilijifunza mambo madogo ambayo naweza kuwapa. Usikae ndani, maana kazi haimpigii hodi mtu aliyelala. Vaa ovaroli safi ukienda kuomba hata kama hakuna cha kutengeneza. Ukiwa na ufundi mmoja, ongeza wa jirani yake. Mimi niliongeza kuchomelea, nikachomelea milango kwa miaka miwili. Na kazi niliyoipata mwisho, ya mashine za mpunga, niliitiwa na mtu aliyesoma kwa Mzee Saidi kama mimi. Aliniita kwa sababu tulikunywa maji pamoja. Mimi sikuwa na mtu hata mmoja niliyemfundisha ambaye ningethubutu kumwomba msaada.

Kiangazi kilichopita alinipigia simu Mama Mwavita, mfanyabiashara wa Kabambare, mwenye mashine za kusaga huko Wamaza. Nilimwambia macho yangu yamekwisha. Akasema hahitaji macho.

"Nakuitia masikio, fundi. Mwaka moja nimenunua supapu mara tatu. Tulisema muuza mazutu anachanganya maji. Tulishamufukuza kwa soko, tunanunua kwa mwingine, na mashine zinakufa tu."

Nilikwenda. Nilipanda pikipiki mpaka Kabambare, nikalala, kesho yake nikapanda tena. Barabara ile mnaijua, mgongo wangu unaijua zaidi. Niliposikia "Wamaza" kwenye simu nilimkumbuka Donati, lakini nilijiambia kwamba Wamaza ni kubwa.

Mashine ya Mama Mwavita ilikuwa imezimika kwa siku ya nne. Nje mabeseni ya muhogo mkavu yalipangwa, na wanawake wengine walikuwa wamekwisha kurudia kinu na mchi kama bibi zao. Fundi alikuwa mwanamke, Furaha, mama wa watoto wawili, mwenye mkono imara. Alikuwa ametia supapu mpya na sasa anazipanga. Nilikaa kwenye gogo karibu naye nikisikiliza. Nilisikia skrubu inakaza, inakaza, kisha akavuta kibati na kibati hakikutoka, akakinyofoa kwa koleo, akaenda silinda ya pili.

"Mama, hapo umekaza sana," nikamwambia.

"Hapana, muzee. Kibati inapashwa kukatala kutoka. Motere ikigonga, inakuomba ukaze."

Sijui kama mmewahi kusikia uongo wenu ukitoka katika kinywa cha mtu asiyewajua. Nikamwuliza nani alimwambia hivyo.

"Papa Donati. Ni yeye alitufundisha sisi wote huku. Na yeye alifundishwa na fundi mukubwa wa kampani kule Salamabila."

Nikamwomba alegeze, akanikatalia kwa heshima. "Muzee, unisamehe. Siwezi kuacha kazi ya fundi mukubwa juu ya mutu sijamujua." Nilishindwa na jina langu mwenyewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, ilifika Wamaza miaka mingi kabla yangu na ikapata wanafunzi. Furaha alinihesabia mashine walizokuwa wakizitunza, yeye na wenzake na Donati: tisa. Kila moja ilikula supapu, na kila mara lawama ilikwenda kwa mazutu. Tena neno hilo la mazutu nalo nilikuwa nimempa Donati mimi, siku ya teste.

Ningeweza kumwambia Mama Mwavita kwamba sikuupata ugonjwa wa mashine, nikapanda pikipiki. Nawaambia kweli, nilifikiria. Lakini wale wanawake wa mabeseni walikuwa wakinitazama, na mmoja alikuwa na tumbo la miezi minane. Nikauliza kwa Donati ni wapi.

Alikuwa ameketi mbele ya karakana yake ndogo. Nywele zilikuwa zimepata mvi. Aliponitambua aliacha kila kitu, akanikumbatia kwa mikono yenye grisi, akamwita mke wake, "Kuja uone, yaya wangu amefika," na kabla sijakaa nikasikia kuku akifukuzwa nyuma ya nyumba. Nikamwambia amwache kuku kwanza. Hawakusikia.

Nilimwambia mbele ya chakula. Nilisema yote, kibati, depo, sahihi tatu, siku mbili za kabla ya teste. Sikutaja watoto wangu wala hofu yangu, kwa sababu naye alikuwa na watoto na hofu. Kuku alipoa. Donati aliitazama mikono yake, akaigeuza upande huu na upande ule, hata mke wake akatoka nje.

"Nilidhani ni mikono," akasema mwishowe. "Miaka yote hii. Mashine yenye ninagusa inakufa. Nilipelekaga hii mikono kwa wachungaji, waiombee. Walishinda wakiiombea, na mafuta waliipaka."

Akaniuliza kitu kimoja tu.

"Siku ya teste, watu wakinipigia makofi, ulishajua itazima?"

"Nilijua tangu ulipofunga kifuniko."

Akasimama, akaenda kunawa. Aliporudi alisema kwamba kesho tutapita mashine zote tisa, na kila mahali nitasema mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya wenye mashine na mbele ya mafundi wake. Na kwa yule muuza mazutu pia.

Tulipita kwa siku sita. Wengine walicheka, wengine walinitukana, na walikuwa na haki. Mama Mwavita hakunitukana. Alihesabu supapu kwa vidole, polepole, mbele ya macho yangu. Bibi mmoja aliniuliza kama ule mwaka nilikula vizuri. Muuza mazutu alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumimina mafuta kwenye chupa za watu wachache waliomrudia.

Kwenye mashine ya kwanza nilishika vidole vya Donati juu ya kibati, nikamwambia, isikie, iteleze hivi, kwa shida kidogo. Akaisikia. Akaenda silinda ya pili peke yake, ya tatu, na Furaha akiwa nyuma yake anasikiliza naye. Kile nilichokuwa nimemnyima kilichukua dakika moja kukifundisha. Kwenye zile mashine nyingine nane hakunihitaji tena, nilikuwa nakaa pembeni nikingoja zamu yangu ya kusema.

Siku ya kuondoka alinisindikiza mpaka kwa motari, dereva wa pikipiki. Alikuwa amenifungia unga wa muhogo, akauweka kwenye kikapio nyuma ya kiti, akakaza kamba mwenyewe na kuijaribu kwa mkono. Akamgeukia motari.

"Umufikishe huyu muzee Kasongo polepole," akamwambia. "Barabara iko mubaya."

Nilimsikia vizuri: huyu muzee. Hata siku ile alipofukuzwa kazi kwa ajili yangu, aliniita yaya.